Marejesho ya Gari Lililotulia

4 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Leo ni tarehe nne Aprili, saa kumi jioni, na kabla sijaendelea naahidi kukueleza kila kitu kama kilivyo, bila kupunguza na bila kutia chumvi. Mama amesema nikikuandikia kwa kifupi utasema hukuelewa.

Sisi hatujambo. Mama maumivu ya mgongo yamempungua. Anakusalimu na kusema simu yako imemjibu mara saba kwamba uko mkutanoni, na anauliza kama huo mkutano wenu una mapumziko ya kula. Mimi nimekuwa wa tatu darasani. Ningekuwa wa pili kama si jiografia, ambako nilichora mto unaopanda mlima.

Baba hajambo, ila kazi yake imekuwa kichekesho cha mtaa. Unajua tangu mwanzo wa mwaka mafuta yameadimika, na vituo vinauzia magari ya wagonjwa na malori ya chakula tu. Mwalimu wa udereva asiye na mafuta angefunga shule akalala. Baba hakukubali. Ameliegesha gari uani, ameweka mawe kwenye matairi yote manne, na anafundisha hivyo hivyo likiwa limesimama. Mwanafunzi anafunga mkanda, anatazama kioo, anakanyaga klachi, anatia gia, na Baba anavuma kwa mdomo kama injini. Ukitia gia ya tatu anapandisha sauti. Ukiachia klachi vibaya anakohoa na kuzimika. Watu waliokuwa wakimwita Mwalimu Breki sasa wanamwita Mwalimu Maegesho.

Jana alikuwa anamfundisha yule nesi mstaafu ambaye anajifunza udereva tangu mwaka juzi. Mara Baba akapiga kelele.

"Umemgonga mwenye baiskeli!"

"Baiskeli gani, Mwalimu? Mbele yangu naona kamba ya nguo."

"Alitokea kulia. Hukutazama kioo."

Nesi akashuka, akaenda hadi kwenye kamba ya nguo, akainama kidogo, akarudi. "Nimempima. Hajavunjika popote. Tuendelee?"

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Juzi tulisikia redioni kwamba kampuni yenu ya bima itarudisha fedha. Mtangazaji alieleza kuwa magari hayatembei, kwa hiyo ajali zimepungua, kwa hiyo kampuni hailipi madai mengi kama zamani. Basi kila mwenye gari ambalo limetembea chini ya kilomita mia tano kwa miezi minne, tangu Januari hadi mwisho wa Aprili, atarudishiwa theluthi ya ada yake ya mwaka. Alimalizia kwa sauti nzito: "Umetulia? Tunakurudishia." Baba alisimama wima mbele ya redio, akasema hajawahi kumsikia mtu wa bima akirudisha kitu zaidi ya salamu.

Mjomba, bima ya gari letu inaisha tarehe 31 Agosti. Wanafunzi wa gari lililosimama hulipa nusu, na Baba hawezi kuwadai zaidi kwa safari za mdomo. Akiipata theluthi hiyo, ataongezea kidogo, atakata bima mpya ya nusu mwaka, na mafuta yakirudi shule itaendelea. Asipoipata, gari litauzwa kwa mwenye bucha, ambaye ameshakuja mara mbili kupima sehemu ya nyuma kwa mikono ili ajue ng'ombe ataingia mzima au nusu. Baba alipomwona akipima, aliingia ndani akasema anatafuta miwani. Miwani alikuwa ameivaa.

Wewe uko makao makuu, tena kitengo cha madai. Tuanzie wapi?

Mpwa wako

*

20 Aprili

Mwanasheria wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimekuitikia mara tatu ili zitoshe mpaka Desemba.

Nimefurahi kusikia wote wazima. Mimi nipo, nasukuma maisha. Mwambie dada kwamba mkutano hauna mapumziko, maana kwa hapa ofisini mkutano ndiyo kazi yenyewe. Mwambie na shemeji aache kuvuma, atapasua koo bure, na koo hatulikatii bima.

Wa tatu darasani! Sisi ukoo wetu tulikuwa tukihesabiwa kuanzia chini. Huyo mto uuache upande mlima, utapata kazi serikalini.

Kuhusu hayo marejesho, umefanya busara kuniandikia mimi badala ya kuandika ofisini. Labda hukumbuki, ulikuwa mdogo: hilo gari nilimwuzia baba yako miaka sita iliyopita, tukakubaliana kadi ya gari ibaki kwenye jina langu na bima ikatwe kwa jina langu, ili mfaidi punguzo la sisi wafanyakazi. Baba yako hunitumia ada, mimi nalipa. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za kampuni, mwenye gari ni mimi. Lisiwatishe hilo, ni mambo ya karatasi tu.

Niachieni mimi. Msiandike popote, msijaze chochote, na msimsogelee wakala wetu wa hapo mjini kwenu, anapenda maswali. Nitumie picha ya mita ya kilomita na ushahidi kwamba gari limekaa, basi. Mambo haya yana ngazi nyingi, mjomba wangu, na lifti imeharibika.

Mjomba wako
Kitengo cha Madai

*

2 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Najua ulisema zile tatu zitatosha hadi Desemba, lakini Mama amesema shikamoo haiwekwi akiba.

Tumefurahi mno kwa barua yako. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati pamoja na leseni yake. Siku hiyo alivuma hadi gia ya tano, na gari lenyewe lina nne.

Picha ya mita imo ndani ya bahasha. Tuliipiga kwa simu ya Nesi, tukaisafisha studio. Utaona limetembea kilomita kumi na nane. Nakueleza zilivyopatikana, ili usije ukaulizwa ukakwama. Mwezi wa pili usiku jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa, na gari la wagonjwa lilikuwa limeenda mbali. Baba alimpeleka hospitali kwa mafuta aliyokuwa ameyaficha kwenye chupa ya sabuni. Kwenda ni kilomita tisa. Wakati wa kurudi mafuta yaliisha zikiwa zimebaki mbili, tukalisukuma, na mita iliendelea kuhesabu kana kwamba tulikuwa tunaendesha. Baba anauliza kama kampuni inaweza kuzitoa zile mbili za kusukuma. Mama amemwambia asianze.

Ushahidi mwingine ni daftari lake la masomo. Huwa anaandika kilomita za kila somo na mwanafunzi anatia saini. Tangu Januari kila mstari una sifuri na saini. Nimekunakilia kurasa zote kumi na nne kwa mkono. Nesi peke yake ametia saini sifuri thelathini na moja.

Mwenye bucha amekuja tena. Safari hii alikuja na futi ya fundi seremala. Baba amemwambia asubiri, kuna mtu wetu makao makuu anashughulika.

Mpwa wako

*

9 Juni

Mwanasheria,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa hilo doa la rangi kwenye bahasha. Nina mafundi nyumbani, wanapaka sebule, na viti vipya vimekuja kabla ukuta haujakauka, kwa hiyo naandika nikiwa nimekaa jikoni juu ya ndoo.

Nawasifu kwa daftari. Sijawahi kuona watu wakitia saini kwamba hawajaenda popote. Hata wabunge hawafanyi hivyo.

Ila kuna kipengele kimeongezeka. Kamati inataka gari lenyewe liletwe hapa makao makuu likaguliwe kwa macho, wahakikishe kweli halitembei, na kilomita zitaendelea kuhesabiwa mpaka suala lifungwe. Shemeji ajipange alilete. Asiharakishe, kamati ina subira.

Wasalimie wote. Mwambie dada ninamkumbuka sana katika maombi yangu, hasa anapopiga simu.

Mjomba wako

*

16 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa viti.

Nilipokea barua yako Jumatano, nikakaa na kalamu na ramani ya shule. Kutoka hapa hadi makao makuu ni kilomita mia tatu na arobaini. Kwenda na kurudi ni mia sita na themanini. Mnaruhusu mia tano. Kwa maana hiyo Baba akilileta gari kuthibitisha kwamba halitembei, litakuwa limetembea, na ninyi mtamnyima marejesho kwa sababu alikuja kuyaomba. Nimempelekea mwalimu wetu wa hisabati hesabu hii bila kutaja jina lako. Aliifanya upya, kisha akauliza kama ni mtihani wa taifa.

Tena mafuta ya kulileta yatoke wapi? Baba alisema kwa utani kwamba tulisukume, na Nesi akasema yuko tayari kuanzia Jumatatu.

Badala yake nakuletea kitu bora kuliko macho ya kamati. Chini ya gari letu kuku wa jirani, yule mwenye madoadoa, alitaga mayai tisa, akayaatamia siku ishirini na moja, akatotoa vifaranga wanane. Kuku hawezi kuatamia chini ya gari linalokwenda na kurudi. Nilikwenda ofisi ya mtaa na Mama, karani akaja mwenyewe, akapiga magoti, akahesabu vifaranga, akaandika barua yenye mhuri. Ndani yake amesema: "Mimi nimeshuhudia kuku." Imo kwenye bahasha. Tafadhali usiipoteze, alitutoza ada ya mhuri na mara mbili ya magoti.

Zimebaki wiki kumi na moja kufika tarehe 31 Agosti.

Mpwa wako

*

28 Juni

Mwanasheria,

Marahaba. Naandika mbio mbio.

Barua ya kuku imefika. Imependwa sana na wakubwa, mpaka mkurugenzi ameisoma kwa sauti kwenye kikao. Mimi nilisimama, nikapigiwa makofi. Mnanijengea jina bila kujua.

Suala linakwenda. Kamati imeunda kamati ndogo.

Jambo moja: kuanzia sasa barua zako zilete nyumbani kwangu, si ofisini. Hapa bahasha hufunguliwa na watu wasiohusika.

Mjomba

*

13 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Naandika polepole leo kwa sababu nataka kila sentensi ikae mahali pake.

Juzi Mama alikuwa na kazi mjini, nami nikamsindikiza. Tulipita mbele ya ofisi ya wakala wenu. Hatukuingia kuuliza chochote, kama ulivyotuagiza. Ila dirishani palikuwa na bango, na kwenye bango ulikuwa wewe.

Umevaa suti ya kijivu. Umekaa juu ya boneti ya gari jekundu linalong'aa, ambalo silifahamu. Mikononi umeshika hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Chini ya gari wamechora kuku. Juu ya kichwa chako pameandikwa: NIMETULIA, NIMERUDISHIWA.

Tukaingia. Wakala ni mtu mkunjufu sana. Alituuliza kama tunamfahamu huyo bwana.

"Kwa sura," Mama akasema.

"Huyo ndiye mteja wetu wa mfano! Nchi nzima yeye ndiye wa kwanza kurudishiwa, tangu katikati ya Mei. Gari lake limetembea kilomita kumi na nane tu. Kumi na nane, mama! Ana daftari analoandika kila siku sifuri. Halafu mwezi uliopita akaleta barua ya kuku aliyetotoa chini ya gari. Mkurugenzi alicheka hadi machozi, akasema huyu tumtie kwenye mabango."

"Na hao vifaranga walikuwa wangapi?" Mama akauliza.

"Wanane."

"Mtu makini," Mama akasema. Akaomba nakala ya bango. Wakala alifurahi, akampa mbili.

Njia nzima Mama alitembea mbele yangu, mabango kwapani. Unamjua Mama. Tulipofika alilitandaza bango mezani. Baba alivaa miwani, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Shemeji amenenepa," akatoka kwenda kumfundisha Nesi. Siku hiyo hakuvuma. Nesi aliendesha kimya kimya kutoka gia ya kwanza hadi ya nne, akashuka, akaniuliza kama kuna aliyefariki.

Mjomba, mimi sijakushutumu. Shuleni tunafundishwa kusoma vyanzo viwili kabla ya kuamua, nami nimesoma kimoja. Huenda una gari jingine, nalo pia limetembea kilomita kumi na nane, nalo pia lina kuku. Kuku wa kwenye bango ni mweupe, wa kwetu ana madoadoa. Huenda ndiyo tofauti yenyewe.

Nasubiri chanzo cha pili.

Mpwa wako

*

30 Julai

Mjomba wangu mdogo,

Marahaba.

Nimeianza barua hii mara nne. Umekuwa mkali siku hizi. Mtu mzima akiandikiwa barua yenye kuku wawili ndani yake, anajua anaambiwa nini.

Sikiliza. Fedha zilikuja kwa jina langu kwa sababu kila kitu kiko kwa jina langu. Sikuziomba zije haraka vile. Nilitaka kuzituma siku hiyo hiyo, lakini siku hiyo fundi wa viti alikuwa mlangoni, na unajua mafundi wanavyokuwa. Nikasema nitazirudisha mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata ukaja na fundi wa rangi. Basi nikawa natafuta muda, ndiyo maana ya kamati. Kamati ni mimi. Kamati ndogo nayo ni mimi, nikiwa nimekaa.

Ile suti ni ya idara ya matangazo na gari jekundu ni la mkurugenzi. Nilikatazwa kuligusa zaidi ya makalio.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mama yako. Punguzo la wafanyakazi ni kwa gari la mfanyakazi mwenyewe. Miaka sita nimekuwa nikitia saini kwamba gari ni langu, nalitumia mimi. Ikijulikana nililiuza, si marejesho tu, ni kazi. Na tangu bango litoke wamenipandisha cheo: mimi ndiye Balozi wa Utulivu. Mtu anaweza kumfukuza karani, mjomba, lakini balozi akifukuzwa inatangazwa redioni.

Kwa hiyo naomba mtulie. Neno hilo nalijutia, lakini sina jingine. Nitawalipa polepole, mwakani. Gari moja haliwezi kuwa kubwa kuliko ndugu. Na kwa kweli baba yako ni mwalimu mzuri hata bila gari, ameshathibitisha.

Ndani nimeweka kalenda ya kampuni na kalamu mbili. Kwenye Septemba kuna picha yangu.

Mjomba wako

*

8 Agosti

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Kalenda imefika. Tumeshukuru kwa kalamu, moja ndiyo hii ninayoandikia. Inavuja kidogo.

Habari za hapa ni nyingi. Redio imesema mafuta yatarudi vituoni katikati ya Septemba. Siku hiyo hiyo wanafunzi tisa walikuja kwa Baba kujiandikisha, wote wanataka kuendesha gari linalokwenda. Nesi amesema yeye ni wa kwanza, amepanga kwenda moja kwa moja hadi kwa mwanawe na kurudi, na amemwomba Baba akae kiti cha nyuma. Mwenye bucha naye amesikia habari za mafuta. Alikuja asubuhi na kulabu mbili, akazijaribisha kwenye dari ya gari, akasema zinakaa vizuri. Atarudi tarehe 31.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza. Sikujua niifiche au niisome mbele ya watu. Nikakumbuka kwamba kwetu hakuna aliyewahi kuficha barua na ikabaki imefichwa, kwa hiyo niliisoma kwa sauti baada ya kula. Nilipofika kwenye kamati ndogo Baba alicheka. Nakuambia kweli, alicheka hadi akashika ubavu. Nilipofika kwenye "mwakani" akaacha.

Kesho yake nilikwenda kwa wakala peke yangu na daftari la shule, nikamwuliza kama swali la somo, bila kutaja mtu. Je, ikiwa aliyelipwa marejesho si mwenye gari wa kweli, kampuni inafanya nini? Alilipenda swali. Alinifungulia kitabu cha masharti. Amesema marejesho ni ya yule aliyekuwa na gari katika ile miezi minne. Mwenyewe akileta karatasi ya mauziano yenye tarehe ya kabla ya Januari, iliyosainiwa na muuzaji, kampuni humlipa yeye palepale, kisha humgeukia yule mwingine. Nikamwuliza humgeukia kwa namna gani. Akasema, "Inategemea anafanya kazi wapi." Mwisho wa kupokea karatasi hizo ni tarehe 25 mwezi huu.

Kisha nikagundua kitu ambacho hata ninyi wakubwa sidhani mliwahi kukifikiria. Wewe na Baba hamkuandikiana chochote. Mliuziana gari kwa kupeana mikono, mbele ya Mama, na Mama akawapa chai. Miaka sita Baba amekuwa akifundisha watu sheria za barabarani ndani ya gari ambalo kisheria ni la shemeji yake. Hata mwenye bucha hawezi kulinunua mpaka wewe usaini. Kwa hiyo chochote kitakachotokea, gari liende au libaki, kalamu ni yako.

Wakala alinipa fomu ya mauziano. Nimeijaza kwa mwandiko wangu bora. Baba amesaini upande wa mnunuzi. Mama na Nesi wamesaini kama mashahidi, na Nesi kwa mazoea aliandika sifuri pembeni, nikaifuta. Namba ya gari ipo, rangi ipo, jina lako lipo na la Baba lipo. Nafasi mbili tu ziko wazi: ya saini yako, na ya tarehe mliyouziana.

Kuhusu hiyo tarehe, hapa ndani hatuelewani. Baba amesema uandike ya mwezi huu.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Nikimfukuzisha kazi nitakaa naye meza gani? Aandike ya leo, asiulizwe na mtu. Gari litakuwa langu kuanzia leo."

"Na bima utalipa na nini?" Mama akauliza.

Baba akasema kwamba kutembea kwa miguu ni afya, na kwamba mwenye bucha ni mtu mzuri tu, ana haraka. Alipokuwa anasema hivyo alikuwa anafuta usukani kwa kitambaa, na usukani ulikuwa safi.

Mama amesema uandike ya miaka sita iliyopita, kwa sababu ndiyo siku aliyowapikia chai. Nilimwambia utapoteza kazi. Akasema anajua. Akasema, na ameniagiza niyaandike kama alivyoyatamka: "Mwambie mdogo wangu nilimbeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Sasa ana miguu yake." Kisha akaingia chumbani. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na aliniambia niongeze kwamba akifukuzwa aje hapa, chumba kipo.

Mimi hawajaniuliza, na kwenye fomu hakuna nafasi ya mtoto. Lakini nitakuambia nilichofikiria. Kama wewe ungekuwa mtu mbaya tu, ungenyamaza, au ungeandika kwamba kamati imekataa. Badala yake ulinieleza kuhusu punguzo, jambo ambalo hakuna aliyekuuliza. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Naona kama mtu aliyechoka kukaa juu ya boneti.

Ndani nimeweka bahasha nyingine yenye stempu na anwani yetu. Ukituma siku utakayoipokea, itafika kabla ya tarehe 25. Ukisubiri mpaka mkutano uishe, haitafika.

Mjomba, utaandika tarehe ipi?

Mpwa wako